Kununua nyumba ya likizo Mtwara au Lindi kwa familia yenye mtu anayetumia kiti mwendo

Ndugu walioko Muscat, Leicester au Toronto wakiulizia nyumba ya likizo huku kusini mwa Tanzania, kitu cha kwanza wanachotaka kujua ni kama bahari inaonekana. Kama kwenye familia kuna anayetumia kiti mwendo, ulizeni choo kwanza. Bahari anaweza kupelekwa hata kwa bajaji. Choo asichoweza kuingia kitamfanya aache kunywa maji kutwa nzima ili asisumbue watu kumbeba. Watu wazima wengi hufanya hivyo kimyakimya, hasa kina mama, na kwa joto la Mtwara hilo ni hatari.

Kwa hiyo nimeanza na mwili wa mtu, nikafuata mtaa, nyumba, halafu hati. Anayeanza na picha alizotumiwa na dalali atafanya kazi hii mara mbili.

1. Pima mtu na kiti chake

Kabla ya kuangalia nyumba yoyote, chukua futi kamba. Pima upana wa kiti, mkono hadi mkono akiwa anasukuma mwenyewe, maana vidole navyo vinahitaji nafasi. Pima urefu wake kuanzia magurudumu ya nyuma hadi ncha za miguu. Pima kimo cha kikalio kutoka sakafuni. Mara nyingi huwa kati ya sentimita 45 na 50, na kitanda na choo vitatakiwa vikaribie kimo hicho hicho ili ahame bila kunyanyuliwa.

Kisha andika anavyohama kutoka kwenye kiti: peke yake, kwa kushikwa na mtu mmoja, au kwa kubebwa. Andika pia upande wenye nguvu. Mama aliyepata kiharusi akapooza kushoto anahitaji kishikio upande wake wa kulia anapokaa chooni. Vyoo vyetu vingi vimebanwa kwenye kona, na kona ikiwa ya upande usiomfaa, itabidi kuhamisha bomba la maji taka, yaani kuvunja sakafu.

Joto nalo si suala la starehe tu. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kwa juu, kama kaka aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au aliyepata ajali ya pikipiki, mara nyingi hatoki jasho sehemu ya chini ya jeraha, na mwili wake unashindwa kujipooza. Chumba chake kiwe kinapata upepo kutoka pande mbili, na kiwe na kiyoyozi hata kama wengine mtalalia feni.

Kama kiti ni cha umeme, soma maandishi ya chaja. Umeme wetu ni volti 230 na soketi ni zile za pini tatu za Kiingereza, kwa hiyo anayetoka Uingereza hana tatizo. Anayetoka Marekani au Kanada ahakikishe chaja imeandikwa volti 100 hadi 240. Ikiwa imeandikwa 110 au 120 peke yake, itaungua.

Na mwenyewe aulizwe. Nimeona familia zikimchagulia shangazi nyumba kama anavyochaguliwa mtoto shule, wakati yeye ndiye anayejua vizuri kuliko wote mlango gani unamkwamisha. Asipoweza kusafiri kuja kuangalia, apigiwe simu ya video na mtu anayetembea polepole ndani ya nyumba, simu ikiwa kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa.

2. Pangeni kwanza, na mje wakati wa mvua

Kusini mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili hivi. Wengi wa nje huja Desemba kwa sababu ya likizo, lakini nyumba huwa wameiona Julai au Agosti, kipindi cha kusi, ardhi ikiwa kavu na hewa imepoa. Njia iliyopitika Agosti inaweza kuwa dimbwi mwezi wa pili. Kodini nyumba kwenye mtaa mnaoutaka, walau likizo moja, mvua ikiwa inanyesha. Mtajua maji yanasimama wapi, umeme unakatika saa ngapi, na kama mgonjwa wenu analimudu joto.

Usafiri nao mtaujua. Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560 kwa barabara, na Mei 2024 mvua pamoja na Kimbunga Hidaya vilikata barabara hiyo upande wa Lindi, magari yakalala njiani. Mtu mwenye vidonda vya mgandamizo, yaani vya kukaa au kulala muda mrefu, asiwekwe kwenye basi safari nzima kwa sababu tu nauli ni nafuu. Air Tanzania inatua Mtwara kutoka Dar, na safari ni kama saa moja. Unapokata tiketi, sema mapema kwamba kuna abiria wa kiti mwendo, uliza atapandishwaje ndegeni, na toa taarifa za betri. Betri ya lithiamu inayochomolewa isizidi wati-saa 300, na husafirishwa ndani na abiria, si kwenye mizigo.

3. Mtaa

Hapa nina upendeleo na siufichi: kwa kiti mwendo, Mtwara mjini inaishinda Mikindani na Msimbati, na kwa wengi inaishinda Lindi.

Mji wa Mtwara ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, enzi za ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, na mipango ile imetuachia mitaa mipana na viwanja vikubwa. Shangani iko karibu na bahari, ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare, na kuna nyumba za chini zenye ukumbi mpana mbele. Nyumba kuukuu ya Shangani yenye bati lililochakaa ni bora kuliko ghorofa jipya lenye marumaru, kwa sababu bati hubadilishwa.

Mikindani, kilomita 10 hivi kutoka hapo, inapendeza kuliko zote, na ndiyo inayowadanganya watu. Mji umepanda kilima, vichochoro ni vyembamba, na nyumba za kale zina vizingiti virefu na baraza za mawe mbele. Ukinunua gofu la kale, usivunje hata kizingiti kabla ya kuuliza Idara ya Mambo ya Kale na manispaa kama mabadiliko hayo yanaruhusiwa. Kama moyo umeshaangukia Mikindani, tafuta nyumba ya chini, usawa wa barabara kuu.

Msimbati ina ufukwe mweupe ambao picha zake zimewauzia watu viwanja vingi. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo ujenzi una masharti yake. Njia ni ya mchanga, na mchanga ni adui wa magurudumu membamba. Nendeni mkashinde, mrudi kulala mjini.

Lindi mji umekaa kati ya ghuba na vilima. Mitaa ya bondeni karibu na maji inapitika vizuri. Ukianza kupanda, msukumaji atachoka kabla ya anayesukumwa. Kitunda, ng'ambo ya ghuba, kunafikiwa kwa chombo cha majini, na kumpandisha mtu chomboni kila anapotaka kwenda mjini si likizo. Upande wa Likong'o kuna ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya mradi wa gesi asilia ya kimiminika; usikubali kiwanja cha huko kwa maneno ya mtu.

Kwa pwani yote, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka baharini. Dalali atakwambia "hapa unanawa miguu ukiwa barazani." Mwombe mpima aje na vifaa vyake.

Hospitali mziweke kwenye hesabu ya mtaa. Mtwara ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, iliyoko Mitengo, pamoja na Ligula, ambayo ni ya mkoa. Lindi mjini kuna Sokoine. Nendeni wenyewe mkaulize kama wana mtaalamu wa mazoezi tiba na kama mipira ya mkojo ya saizi yenu inapatikana. Jibu la "ipo" lililotolewa kwenye simu lisiwatoshe.

4. Kuipima nyumba

Nenda na futi kamba, kipande cha mbao chenye upana sawa na kiti chenu, na chupa ya maji. Mbao unaipitisha kila mlango. Maji unamwaga sakafuni, bafuni na barazani, uone yanaelekea wapi na kama vigae vinateleza vikilowa.

Anzia barabarani, si sebuleni. Kati ya gari na mlango kuna nini? Mchanga, mtaro, ngazi tatu? Ngazi hutatuliwa kwa mteremko wa zege, lakini mteremko unataka urefu: kila sentimita moja ya kwenda juu inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Baraza yenye kimo cha sentimita 45 inahitaji mteremko wa mita 5.4, na juu yake pawe na sehemu tambarare ya mita moja na nusu ili kiti kitulie wakati mlango unafunguliwa. Kiwanja kikiwa kifupi, mteremko utaishia barabarani. Fundi atakwambia aufupishe, "watamsukuma tu." Mkatalie. Mteremko mkali humwangusha mtu kwa nyuma.

Mlango wa mbele wa nyumba zetu mara nyingi una mwenzake: grili ya chuma yenye mwamba unaopita chini. Kizingiti hicho cha sentimita nne au tano kinatosha kusimamisha magurudumu madogo ya mbele, na kwenye picha hakionekani. Grili inaweza kukatwa na kuchomelewa upya bila mwamba, lakini uijue kabla ya kununua. Grili za madirishani nazo zitazame: chumba cha asiyeweza kukimbia kinahitaji njia ya pili ya kutokea moto ukizuka, na mlango wa kwenda uani ni bora kuliko dirisha lolote.

Ndani, pima uwazi halisi mlango ukiwa umefunguka, si fremu. Mlango wa futi tatu ukitoa unene wa fremu na wa ubao wenyewe hubaki kama sentimita 80 au pungufu, na viti vingi vinapita hapo kwa shida kidogo. Milango ya chooni hujengwa ya futi mbili na nusu, na hiyo haipiti. Uliza kama ukuta pembeni ya mlango ni tofali tupu au una nguzo ya zege. Tofali unapanua, nguzo unaiacha.

Korido yenye sentimita 90 inapitika kwa kwenda mbele, ila kukata kona kuingia chumbani kunataka zaidi, na mita moja na robo ndiyo raha. Kwenye chumba cha kulala na chooni tafuta mduara wa mita moja na nusu usio na kitu, kiti kigeuke. Chumbani nafasi hiyo huliwa na kitanda cha futi sita, kwa hiyo chora kitanda sakafuni kwa chaki kabla ya kusema panatosha.

Choo. Ukikuta cha kuchuchumaa, hilo lisikukatishe tamaa. Angalia ukubwa wa chumba. Mara nyingi jibu zuri ni kuunganisha choo na bafu vinavyopakana, kuondoa ukuta wa kati na tuta la kuzuia maji, na kuacha sakafu moja inayoteremka taratibu kuelekea kwenye tundu. Mtu anaoga akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki au cha kuogea, bomba likiwa la mkono, koki ikifikiwa kutoka alipo. Hakikisha sakafu ya choo haijashushwa kuliko korido; nyumba nyingi zimeshushwa sentimita kumi ili maji yasitoke, na kuiinua kunagusa bomba zote.

Umeme na maji usivipitie juu juu. Maji ya bomba yana siku zake, kwa hiyo simtanki kubwa juu ya mnara ni lazima, na bomba lishuke hadi bafuni kwake. Godoro la hewa, mashine ya oksijeni na kiti cha umeme vinataka betri na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Waya wa laini hiyo uwe wa peke yake. Kuna mtu wa godoro la hewa? Basi inveta ni kabla ya kiyoyozi.

Kama ulemavu ni wa aina nyingine, vipimo vinabadilika. Kwa asiyeona, ngazi zenye kimo sawa si tatizo. Tatizo ni mtaro usio na mfuniko na waya za kuanikia nguo. Kwa mtoto mwenye usonji anayependa kutoroka, uzio na umbali kutoka majini vinatangulia vyote. Kwa mwenye ualbino, tafuta kivuli: ukumbi mpana na miti, na njia ya kwenda garini isiyopita juani.

5. Nani ataandikwa kwenye hati?

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda, hadi miaka 99. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Na kwa kuwa mtu mzima haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili, ukishachukua pasi ya Uingereza au Kanada, mbele ya sheria hii wewe ni mgeni hata kama kitovu chako kimezikwa Newala. Bunge limepitisha mabadiliko ya sheria za uhamiaji na ardhi yanayoleta hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nje. Hadhi hiyo si uraia. Kabla ya kulipa senti, wakili akuonyeshe kwa maandishi kanuni inayotumika siku hiyo na haki gani hasa utakayopewa.

Njia inayotumika sana ni kuandika nyumba kwa jina la mjomba. Ijulikane kuwa basi nyumba ni ya mjomba. Akifa, warithi wake wataigawana, akidaiwa, itakamatwa. Karatasi mliyoandikiana sebuleni haitamzuia mtu.

Mara nyingi mwenye ulemavu ndiye raia pekee aliyebaki: mama aliyehamia kwa wanawe na bado ana pasi ya Tanzania. Basi aandikwe yeye. Kama mkono hauandiki, dole gumba linatosha, mbele ya wakili aliyemsomea hati yote kwa lugha anayoielewa. Kama raia ni zaidi ya mmoja na si mume na mke, wataandikwa kwa umiliki wa hisa, ambao kila mmoja hurithisha fungu lake; umiliki wa pamoja, ambao anayebaki hai huchukua chote, ni wa wanandoa tu. Ili wenzake wasiuze nyumba bila ridhaa ya ndugu mlemavu, ongeeni na wakili kuhusu hili mapema, wote mkiwepo kwenye simu.

6. Hati na fedha

Wakili awe wako, si wa muuzaji wala wa dalali. Kazi yake ya kwanza ni upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama, kodi ya ardhi inayodaiwa. Wakati huo huo mpima aende kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, na wewe au mtu wako aende kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wawili. Majirani ndio wanaojua kama kuna mke wa pili. Ridhaa ya mwenzi wa muuzaji ni sharti kwa nyumba ya familia. Bila hiyo mauzo yanaweza kubatilishwa. Ikiwa nyumba ni ya urithi, omba barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na warithi wote wasaini.

Kama eneo ni ardhi ya kijiji, taratibu ni za Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, na kwa mgeni ni ngumu zaidi. Kwa nyumba ya likizo mimi ningebaki kwenye kiwanja kilichopimwa mjini.

Mkataba ukishasainiwa, wakili hujaza fomu za uhamisho (29, 30 na 35), mthamini hufanya uthamini, TRA (Mamlaka ya Mapato) hukadiria kodi, na Kamishna wa Ardhi huridhia kabla ya Msajili kuandika jina jipya. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, na kwa desturi hulipwa na mnunuzi. Yaandikwe kwenye mkataba nani analipa nini, maana hapo ndipo ugomvi huanzia. Lipa kwa benki, kwa awamu, na fungu kubwa libaki hadi uhamisho ukamilike.

Ukiwa nje, mtu wa kukusainia anahitaji hati ya uwakilishi uliyoisaini mbele ya ubalozi au mthibitishaji. Iandikwe kwa nyumba hiyo moja tu, na iwe na tarehe ya mwisho.

7. Marekebisho

Usianze kabla jina halijabadilika, hata kama muuzaji ni shemeji. Kwa kuvunja kuta na kujenga mteremko, uliza kibali cha ujenzi Manispaa ya Mtwara-Mikindani au ya Lindi. Saruji si tabu. Kiwanda cha Dangote kipo hapa hapa Mtwara. Tabu ni mchanga: fundi asitumie wa bahari, chumvi yake inakula nondo na plasta.

Vishikio vya chooni ndivyo vitakavyokuonyesha fundi ni wa aina gani. Tofali letu la mchanga na saruji halishiki skrubu kwa muda mrefu. Atoboe hadi upande wa pili, apitishe bolti ndefu na bamba la chuma nyuma, au ajaze zege sehemu hiyo. Chuma kiwe kisichoshika kutu, kwa hewa ya chumvi kingine hakimalizi misimu miwili. Kikishakauka, mtu mzima mwenye kilo zake aning'inie. Kikilegea, kirudiwe, na malipo ya mwisho yangoje.

Swichi ziwekwe kwenye kimo cha mita moja hivi. Sinki la jikoni liwe wazi chini ili magoti yaingie, kama anapenda kupika, na wengi wanapenda.

8. Kabla ya likizo ya kwanza

Tafuteni mwangalizi anayeishi jirani, mumlipe kila mwezi, si kwa zawadi za Desemba. Kazi yake iandikwe: kufungua madirisha, kuwasha inveta, kujaza simtanki, kununua LUKU (umeme wa kulipia kabla), ambayo pia ndiyo inayokata kodi ya jengo kila mwezi. Mteremko afagie mchanga na majani ya mkorosho, maana yakilowa yanateleza.

Kwa usafiri, Noah ya mlango wa kuvuta inafaa kuliko teksi ndogo. Kiti kinachokunjwa hukaa nyuma. Mpate dereva mmoja, mumfundishe kumshika mgonjwa kabla ya siku ya uwanja wa ndege. Bebeni tairi na mpira wa akiba wa kiti mwendo: tairi la inchi 24 la kiti halilingani kila mara na la baiskeli ya inchi 24, na mafundi baiskeli wa sokoni hawatakuwa na lenu. Bebeni pia mto wa kukalia wa akiba, dawa za mwezi mzima zaidi ya siku za safari, na barua ya daktari kwa Kiingereza au Kiswahili.

Mwangalizi apige video ya kila mlango, choo na mteremko wiki moja kabla, awatumie. Kama kuna kitu kimehamishwa, kwa mfano pikipiki ya mtu imeegeshwa juu ya mteremko, bado mna siku saba za kuiondoa.